Pango Linapumua Tena

Viatu vilikaa juu ya jiwe kando ya maporomoko, pua zikielekea majini, kimoja ubavuni mwa kingine, kama wanafunzi wa bweni wanaosubiri kukaguliwa kucha. Inspekta Chuma aliviinamia. Alikuwa mtu mkubwa kwa kimo na kwa kifua, na jina la Chuma alipachikwa kituoni na watu ambao hawakuwahi kulala nyumbani kwake, ambako taa ya ukumbini haizimwi mpaka kupambazuke. Siri hiyo aliijua mkewe tu, na mkewe alikuwa hodari wa kutunza siri, alimradi asichokozwe.

Nyuma yake alisimama Mhifadhi Mkuu, mzee nadhifu anayevaa tai hata porini, akisikitika kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Alieleza kwamba viatu hivyo ni vya Kamusi, mwongoza wageni wao bora kuliko wote, aliyepotea tangu juzi. Alieleza kwamba mawe ya hapo yana utelezi, na kwamba maji yale, kama wageni wanavyoambiwa kila siku, hayana kina kinachojulikana. Wapiga mbizi walikuwa wameingia tangu asubuhi na kukikuta hicho kina kisichojulikana. Kiliwafika shingoni. Kwa hiyo walikuwa wakitafuta maiti wamesimama, na hadi wakati huo walikuwa wamepata miwani ya jua na meno ya bandia ya mgeni fulani.

"Mto umemchukua," Mhifadhi alihitimisha. "Tumpumzishe, Inspekta. Jopo la wataalamu kutoka nje linafika keshokutwa kuliangalia pango letu. Nchi nzima inalisubiri."

Chuma alimpa pole, kwa sababu pole haina gharama, kisha akamwomba awaache kidogo. Mzee alipojitenga, Inspekta aligusa jiwe. Lilikuwa limelowa chapachapa kwa manyunyu. Akaingiza vidole ndani ya kiatu. Kilikuwa kikavu kama ulimi wa shahidi mwongo.

Koplo alikuwa amechuchumaa upande wa pili. Alikuwa msichana mwembamba ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko saluti yake.

"Haya manyunyu yanakatika saa ngapi?" Chuma alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Hayakatiki, Afande. Mimi hapa nimelowa mpaka kwenye cheo."

"Na kiatu kilichokaa hapa tangu juzi?"

"Saa hizi kingekuwa na samaki na wajukuu zake."

Basi viatu vililetwa asubuhi ile ile, na Kamusi hakuvileta, maana mtu aliyechukuliwa na mto juzi harudi leo kupanga viatu. Chuma alikigeuza cha kulia. Kwenye pua yake palikuwa na tone la kijivu lililokauka. Alilikwangua kwa ukucha, akalisaga kati ya vidole, akalinusa. Saruji. Aliangaza macho pande zote: maji, mawe, miti, na tai ya Mhifadhi. Hapakuwa na ukuta wala msingi wowote uliokuwa ukijengwa.

Akafunga viatu kwenye mfuko wa ushahidi, wala hakumwambia mtu.

*

Mke wa Kamusi, ambaye nyumba za wafanyakazi zote zilimwita Mama Pacha, aliwapokea chumbani akiwa anapiga pasi shati la kazi la mumewe. Lilikuwa limeshanyooka. Alilipiga pasi mbele, akaligeuza, akalipiga nyuma, akaligeuza tena, na kitambaa cha kifuani kilikuwa kimeanza kung'aa. Koplo aliona hivyo, akamwondolea pasi mkononi taratibu kana kwamba anamsaidia, akaichomoa kwenye umeme.

Alivitambua viatu. Kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha, akasema mumewe hawezi kwenda kuogelea. Huyo hata bafuni huingia kwa tahadhari. Chuma alimuuliza kama walikuwa wamegombana, kama kuna mwanamke mwingine, kama kuna adui. Majibu yalikuwa hapana, hapana, na "nani amchukie Kamusi, labda wanaomsikiliza."

Lakini alikuwa amebadilika, alisema, tangu siku ya kisa cha pacha wao mmoja shuleni. Mwalimu aliuliza darasani ni nini kinalifanya pango la nchi yetu liwe la ajabu duniani. Darasa zima likajibu kama kasuku: linapumua. Mwalimu akauliza, na ni nani ajuaye kwa nini linapumua? Kulwa akasimama akasema, ni baba ndiye anayepumua.

"Darasa likavunjika mbavu," alisema Mama Pacha. "Mwalimu akamsimamisha ukutani kwa kudharau hazina ya taifa. Nilipohadithiwa nilicheka na mimi. Mtoto ana vituko, kamrithi babu yake. Ila baba yake hakucheka. Alikaa hapo kitandani, akasema mtoto amesimamishwa ukutani kwa kosa lake yeye. Akasema hao wataalamu wakija, atazungumza nao."

"Azungumze nini?"

"Nilimuuliza. Akasema, acha kwanza."

Koplo alitabasamu kidogo kwa ajili ya Kulwa. Chuma hakutabasamu, lakini si kwa sababu alikuwa ameelewa. Alikuwa anafikiria saruji. Walipofika mlangoni, mama yule alimshika Inspekta mkono wa shati, jambo ambalo watu hawamfanyii mtu wa ukubwa ule bila kufikiri mara mbili.

"Nina ombi moja, kaka yangu. Usije ukaniambia yuko majini mpaka umwone kwa macho yako. Ukija kuniambia umedhani, nitakufukuza."

Nje, Chuma alimtuma Koplo stoo ya hifadhi akaulize, kwa mzaha na porojo kama kawaida yake, ni nani aliyechukua saruji wiki ile na kwa kazi gani. Yeye mwenyewe akaelekea pangoni.

*

Chumba cha kubadilishia nguo cha waongoza wageni kilikuwa na makabati ya bati, kioo kilichopasuka, na Redio. Redio alikuwa mwenzake Kamusi wa zamu, kijana mwembamba kama ufito, na aliitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Siku ile, hata hivyo, alikuwa anakatakata kama betri zimekwisha. Mara ya mwisho alimwona Kamusi langoni, alisema. Au karibu na lango. Au alidhani ni yeye.

Inspekta aliyaacha hayo, akaanza kuuliza mambo ya kazi, kwa maana mtu muoga humwaga mengi ukimuuliza anachokipenda. Alimwambia kwamba yeye shuleni alichapwa kwa kusahau kuwa ngome kuu ya nchi ilijengwa kwa chokaa iliyokandwa na ute wa mayai. Redio akainamisha kichwa. Hayo mayai, alikiri, yaliingizwa na mwongozaji mmoja wa zamani, mchana mmoja wageni walipokuwa wanasinzia. Yakapendwa. Mwaka uliofuata yakawa kwenye vitabu vya shule.

"Na mnara unaoinama kwa sababu mjenzi alikuwa anatumia mkono wa kushoto?"

"Uliinama wenyewe, Mkuu. Udongo laini."

"Na lile jiwe linalokua?"

"Tunashusha alama. Kila mwaka kidogo, kwa rangi."

Chuma alihisi fimbo zote za utotoni zikimrudia matakoni bila malipo. Aliuliza kama katika nchi nzima kuna ajabu lolote la kweli. Yapo, alisema Redio, tena mengi, lakini ukweli haupati makofi. Ngome ile haijawahi kufyatua mzinga hata mmoja, kwa sababu risasi zilizoletwa hazikuingia mizingani. Na pango hili liligunduliwa na mbuzi. Alitumbukia kwenye tundu kule juu, mwenyewe akamfuata kwa kamba. Tundu lipo mpaka leo, ila anapita mbuzi, na yeye Redio akiwa hajala. Wageni wakiambiwa mbuzi wanakunja uso. Wakiambiwa pango linapumua, wanalia machozi.

"Na tangu juzi linapumua?"

Hapo Redio alilamba midomo. "Kila ziara, Mkuu. Tena jana kuliko siku zote. Lilinguruma kabisa. Wageni walipiga makofi mpaka nikainama kushukuru."

Inspekta alimwambia avae sare. Alitaka kuoneshwa ziara ile ya mwisho ya Kamusi, hatua kwa hatua, kama ilivyokuwa.

Mhifadhi Mkuu alikuwa langoni mwa pango, kando ya kabati la swichi za umeme. Hilo halina haja, alisema. Pango limefungwa leo kwa heshima ya marehemu. Na kama ni lazima, basi Inspekta apite taa zikiwaka, aone, atoke, anywe maji baridi. Kuzima taa ni mambo ya burudani tu.

Wallahi, Chuma alikuwa karibu kumbusu mzee yule. Habari za kuzimwa taa hakuwa amezisikia. Lakini miaka ya kazi ilikuwa imemfundisha jambo moja: ukiona mtu anakuhurumia kuliko unavyojihurumia, tazama anakukinga usione nini.

"Kama ilivyokuwa," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kidogo. "Taa zizimwe."

Mhifadhi alimtazama, kisha akamsogezea kapu. Ilikuwa sheria ya pango: simu na tochi zote hubaki langoni, ili mtu asije akaharibu giza kwa mwanga wake. Mzee alilishika kapu kwa mikono miwili, kwa adabu kama ya kutoa sadaka, na Inspekta, aliyelelewa vizuri, akaweka simu yake ndani. Hivyo ndivyo malezi mema yanavyowaponza watu.

*

Njia iliteremka kati ya kuta zilizotoa jasho. Taa ndogo zilikuwa zimetundikwa kando ya mnyororo wa kushikilia, na Chuma aliushikilia kwa moyo wote. Kila walipopita kona, mwanga wa nje ulipungua, mpaka ukabaki kama sarafu, kisha haukuwepo. Matone yalidondoka mahali fulani. Redio alitembea mbele, na kwa mazoea akaanza kutumia sauti yake ya kazi, ile nene ya kuazima.

Wakafika kwenye Ukumbi wa Pumzi. Ulikuwa mpana kama kanisa, na kwenye ukuta wa mbele palikuwa na ufa mweusi wenye umbo la mdomo uliofunuliwa kidogo. Redio alieleza kwamba filimbi moja ni ishara ya kuzima, filimbi mbili ni ya kuwasha. Akauliza kama mgeni yuko tayari. Mgeni akakubali kwa kichwa.

Filimbi ikalia. Taa zikazimika.

Giza la nyumbani lina mlango, lina dirisha, lina mke. Hili halikuwa na kitu. Chuma alifungua macho zaidi, na hakikubadilika chochote. Akayafumba, na hakikubadilika chochote. Aliinua mkono mbele ya uso wake, na uso ukashtuka kuguswa. Alisikia moyo wake ukigonga kama mtu aliyefungiwa nje. Alitaka kusema "basi, inatosha," akatafuta namna ya kulisema jambo hilo kwa heshima ya cheo chake, na kabla hajaipata, pango likapumua.

Ilitoka kwenye ufa, ndefu, ya ubaridi, ikampitia shingoni. *Huuuu.* Ndani yake mlikuwa na mguno. Ikakatika. Ikarudi, fupi. Ikakatika tena, kama mzee anayepanda ngazi.

Kisha Chuma akahisi vidole vikimshika mkono, vikimbana, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti ya Redio haikuwa ya kuazima.

"Mkuu. Leo tumefunga."

"Najua mmefunga."

"Leo hakuna mtu wa zamu. Leo hakuna aliyepangwa. Mkuu, huyo ni nani?"

Na hapo Inspekta Chuma, akitetemeka kwa kishindo kama kabati lenye vyombo, alimwona Kulwa amesimama ukutani mwa darasa. *Ni baba ndiye anayepumua.*

"Sema kila kitu," alisema. "Haraka."

Redio alisema. Nyuma ya ukuta mlikuwa na chumba cha mwamba, na ndani yake mvukuto mkubwa wa mhunzi na bomba lililopinda mpaka kwenye ufa. Mwongozaji mmoja huleta wageni, mwenzake hujificha huko na kupuliza. Huingia kwa kichochoro cha pembeni na huvua viatu mlangoni mwake, kwa maana soli husikika hadi ukumbini. Juzi alikuwa Kamusi. Na sheria kubwa kuliko zote, aliyowaapisha Mhifadhi mwenyewe, ilikuwa kwamba mvukuto hautajwi. Hata wao kwa wao. Hata wawili chumbani. Zamu hupangwa na Mhifadhi kwa kumgusa mtu bega. Usiulize ni nani yuko nyuma, usimngojee atoke, usiongozane naye.

"Kwa hiyo jana lilipopumua..."

"Nilidhani bosi amegusa mtu mwingine."

"Na liliponguruma?"

Bomba lile, Redio alinong'ona, limepinda sana. Mtu akiita jina la mtu kupitia mle, huku linafika kama ngurumo.

Viatu mlangoni mwa kichochoro. Tone la saruji. Aliyevichukua viatu kuvipeleka majini alivitoa pale vilipokuwa vimevuliwa, kwa hiyo alijua mwenyewe yuko ndani. Na aliyekuwa anajenga, alikuwa anajenga mlango.

"Piga filimbi mbili," alisema Chuma.

Redio alipiga mbili. Matone yalidondoka. Alipiga mbili tena. Alipiga mfululizo mpaka filimbi ikapasuka sauti. Giza lilibaki vile vile, na kutoka mbali, kule walikotoka, ukasikika mlio wa lango la chuma likifungwa taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto.

*

Walikwenda kwa kupapasa. Redio alitangulia na mkono mmoja ukutani, Chuma akamshika mkanda wa suruali kama kipofu ashikavyo fimbo, na kichwa chake kikasalimiana na kila jiwe lililoning'inia. Kila alipotaka kusimama, ufa nyuma yake ulipumua, na kila pumzi ilikuwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Hilo ndilo lililomsukuma. Alikuwa anaogopa giza, lakini alianza kuogopa zaidi pango lisije likanyamaza.

Kichochoro kilikuwa chembamba. Mwishoni, palipopaswa kuwa wazi, mikono yao ikakuta matofali. Yalikuwa ya baridi, yamepangwa kwa mkono usio wa fundi, saruji imetokeza kwenye viungo. Chuma aligonga kwa ngumi.

Upande wa pili kitu kilianguka. Kisha, nyembamba kama inatoka chini ya godoro, sauti ya mtu:

"Msipige makofi. Tafadhali, msipige makofi tena."

Redio alikaa chini akaanza kulia. Chuma alimwinua kwa ukosi. Waling'oa nguzo moja ya mnyororo wa wageni iliyokuwa imelegea, wakaichokoa saruji ya juu, kwa kupokezana, kwa kukosea, wakijigonga vidole na kutukana kwa heshima. Tofali moja likalegea likatoka. La pili lilikataa kabisa. Nguzo ikapinda. Chuma akapenyeza mkono wa kushoto mpaka begani, akapapasa hewa, na vidole vya baridi vikamkamata kama vya mtoto mchanga.

Mtu yule alikuwa ameishi kwa kulamba ukuta uliotoa maji. Sauti yake ilikuwa inakwisha. Ilibidi nyundo ije, na mwanga, na daktari, na lango lilikuwa limefungwa.

"Tundu la mbuzi," alisema Redio. "Leo sijala."

"Mtafute Koplo. Yuko stoo."

"Na wewe, Mkuu?"

Chuma alitazama lile tumbo lake ambalo hakuliona. "Mimi nitakaa na mgonjwa."

Nyayo za Redio zilipanda, zikafifia, zikaisha. Inspekta alibaki amepiga magoti, mkono mmoja ndani ya ukuta, jasho likimchuruzika mgongoni. Aliomba dua zote alizozijua, na moja ya kubarikia chakula. Ili asipige kelele, akauliza swali la kikazi: ni nani aliyefanya hivi?

"Mzee," alisema Kamusi. "Nilikuwa nimemwambia nitasema ukweli kwa jopo. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema nipulize zamu ya mwisho, kisha tutaelewana. Wageni walipoondoka nikasikia matofali, nikadhani wanatengeneza ngazi. Akanisalimia kutoka hapo ulipo. Akaniuliza habari za watoto. Nikamwambia wazima, Doto ana mafua. Akasema, mpe pole. Tukaendelea kuongea, na yeye anapanga. Ilipobaki nafasi ya uso ndipo nikaelewa. Sikuwahi. Vidole vyangu aliviondoa kimoja kimoja, hakuviumiza."

Chuma alifungua mdomo amjibu, na hapo akasikia hatua.

Zilitoka upande wa lango. Hazikuwa za haraka. Hazikuwa na mwanga. Zilikuwa za mtu anayelijua pango kama anavyojua kitanda chake, na pamoja nazo kulikuwa na nondo inayokwaruza ukuta, ikiacha, ikikwaruza tena. Vidole ndani ya tundu vikakaza. Hatua zikaingia kichochoroni. Zikasimama.

"Inspekta," ilisema sauti ya kusoma risala, karibu mno. "Habari za nyumbani?"

Chuma hakujibu. Kimya kile kilipoendelea, alianza kusikia kitu. Mzee alikuwa anahema. Kisha akaita tena, "Inspekta? Upo?" na mwisho wa neno ulipanda juu kidogo, kama wa mtoto anayeuliza kilichoko chini ya kitanda. Giza lile halikuwa na macho kwa mtu yeyote. Halikujua mkubwa wala mdogo. Chuma akaivuta pumzi yake ndani, akaifungia.

Aliminya vidole vya Kamusi mara moja, akaviachia, akautoa mkono. Sijui alitaka kumwambia nini. Pengine alikuwa anamuaga. Kamusi alielewa alivyoelewa. Nyuma ya matofali kukawa na mburuto, mdomo wa mvukuto ukigeuzwa tunduni, na kwa nguvu zote zilizobaki katika mwili ule, mvukuto ukashindiliwa. Pumzi haikupita bombani hata robo. Iliyobaki yote ilitoka kwenye tundu la tofali, pumzi nzima ya pango, usoni kwa Mhifadhi Mkuu.

Mzee alitoa mlio usiofaa kwa mtu wa cheo chake. Nondo ikaanguka. Chuma akaruka kuifuata sauti, akakamata koti, akakamata tai, na kwa mwili wote aliojaliwa akamkalia.

"Nzuri tu," alisema, huku akitafuta kifundo cha mkono, na pingu ikaingia. "Za kwako?"

Hazikuwa nzuri, kwa namna alivyokuwa anaguna. Alisema pale chini maneno mengi kuhusu nchi, na heshima yake, na macho ya dunia, na watoto wa shule wataambiwa nini sasa. Chuma hakuyasikiliza. Alikuwa akitega sikio kule Redio alikopanda, na hapakuwa na dalili ya nyundo wala ya mwanga.

"Afande," ilisema sauti ndogo kutoka ukutani. Vidole vilikuwa vinapapasa kwenye tundu na havipati kitu. "Afande, bado upo?"

Alijivuta, na mzee chini yake, mpaka bega lake likagusa matofali, akaingiza mkono.

"Nipo," alisema Chuma. Na aliendelea kusema hivyo kila alipoulizwa, kwa sauti iliyokuwa ikikatika vibaya sana, mpaka Koplo alipofika na nyundo na taa.